Nionyeshe Kilichokufa

Kijana aliyeniambia kwamba oveni yangu haitengenezeki hakuwa ameiona. Nilisimama mbele ya kaunta yake katikati ya jiji la Mwanza, ndani ya duka lenye kiyoyozi na nembo kubwa kwenye vioo, nikamwonyesha picha kwenye simu. Picha ilikuwa ya saa ya oveni: tarakimu nyekundu zilizofifia mpaka zikawa kama makaa yanayozimika chini ya majivu. Akaitazama kidogo, akanirudishia simu.

"Bodi imekufa hiyo, mama. Hizi hazitengenezeki. Ni kubadilisha bodi nzima, au uchukue oveni mpya, zipo."

Bodi ilikuwa shilingi 420,000, na ningengoja wiki sita ije kutoka nje. Oveni mpya ilizidi milioni moja na nusu. Kwa ushauri huo nikatozwa shilingi 20,000, nikaandikiwa na risiti: "ada ya uchunguzi".

Risiti hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya niandike. Hapakuwa na uchunguzi wowote. Hakuna skrubu iliyofunguliwa. Hakuna waya uliopimwa. Nililipa ili niambiwe jambo ambalo msemaji wake hakulijua, na nililipa bila kubisha kwa sababu lilisemwa na mtu aliyevaa fulana yenye nembo.

Kwa hiyo nasema wazi tangu mwanzo ninachogombania. Asiyekifungua kifaa hana haki ya kukitangaza kuwa kimekufa. Anayetangaza kifo na amwonyeshe mwenye mali kilichokufa. Akishindwa, asilipwe.

Naoka keki na mikate nyumbani kwangu Nyakato. Keki za kipaimara, za sendoff, za ndoa. Siku za kawaida ni skonzi na mikate midogo ya maduka ya jirani. Oveni niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Capri Point. Imenilipia ada za watoto wawili. Nikisema oveni, msomaji asifikirie pambo la jikoni. Afikirie mtumbwi wa mvuvi au cherehani ya mshonaji.

Ugonjwa wake ulianza polepole. Kwanza tarakimu zilififia mchana, nikawa naziba mwanga kwa kiganja ili nione dakika zilizobaki. Baadaye zikaanza kupepesa. Halafu usiku mmoja umeme ukakatika na kurudi. Oveni yangu ni ya zile ambazo umeme ukikatika haziwaki mpaka urekebishe saa kwanza, na sikuweza kurekebisha saa nisiyoiona. Nilibonyeza kwa kubahatisha, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Koili zilikuwa nzima, feni nzima, thamostati nzima, mlango unafunga vizuri. Lakini jiko lote lilikuwa limegeuka kabati la bati, kwa sababu ya dirisha dogo lisilozidi vidole vitatu.

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi nilikuwa na keki ya sendoff ya ngazi tatu, na malipo ya awali nilikuwa nimeshayatia kwenye unga, mayai na siagi.

Kila niliyemweleza alinipa pole ya msiba. "Vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo." "Mtumba huo, ulitegemea nini?" Hata mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mbishi, alianza kupiga hesabu ya mkopo. Hakuna aliyeuliza swali ambalo tungeuliza hata kuku akizubaa bandani: ana nini hasa? Tulilipokea neno la kaunta kama tunavyopokea hali ya hewa.

Jirani yangu anayeuza dagaa ndiye aliyesema, "Kuna mzee pale karibu na Makoroboi. Nenda tu, hata kama ni kusikia tena hivyohivyo."

Wageni wa jiji hili huenda wasijue jina hilo limetoka wapi. Koroboi ni ile taa ndogo ya mafuta ya taa, ya kopo na utambi. Makoroboi palipewa jina kwa sababu mafundi wa hapo walikata makopo na mabati yaliyotupwa, wakayageuza taa, majiko na vyombo vya nyumbani. Kopo ambalo tajiri aliliona takataka, maskini alisomea kwa mwanga wake usiku. Leo sehemu hiyo ina wamachinga wengi, nguo na vyombo vya plastiki, lakini jina limebaki. Mji unaoita sehemu yake kwa jina la taa iliyotokana na takataka umekuwa mwepesi mno wa kukubali kwamba kitu hakitengenezeki.

Mzee alikuwa na meza yenye redio zilizofunguliwa matumbo. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mwangaluka, mayu. Karibu."

Nikamwonyesha ile picha. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko kijana wa kaunta, kisha akasema sentensi iliyonirudishia pumzi:

"Siwezi kusema mpaka niione."

Hakusema itapona. Hakusema imekufa. Alisema hajui, na kwamba njia ya kujua ni kwenda kuona. Katika sehemu zote mbili nilizokwenda, huyo ndiye aliyeanza kufanya uchunguzi, na hakunitoza hata senti kwa kusema hivyo.

Alikuja Nyakato kwa daladala siku ya pili, na mkoba wa zana. Alizima swichi kuu, akachomoa plagi, akaniambia watoto wakae mbali. Akalala sakafuni na tochi mdomoni. Tunapenda kusema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi mzee yule aliinama, na magoti yake yakalia. Akafungua skrubu, akaichomoa saa na bodi yake. Bodi iliyotajwa kwa bei ya shilingi 420,000 ilikuwa sawa na kiganja changu.

Hakuigusa mara moja. Aliniambia bodi za namna hii hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja, bila transfoma ya kuutenga, kwa hiyo ikiwa kwenye umeme kila sehemu yake inaweza kuua. Hata ikichomolewa, kapasita zake zinaweza kubaki na chaji. Akazitoa chaji kwa rezista, akapima kwa mita kuhakikisha, ndipo akaanza kazi.

Ninaeleza alichokuta kama alivyonieleza, kwa sababu ugomvi wangu wote umo humo.

Kulikuwa na kapasita moja ya manjano, umbo la kisanduku, imeandikwa 0.68 mikrofaradi na alama X2. Kazi yake ni kuupunguza umeme wa volti 230 ili kiasi kidogo tu kipite kwenda kwenye saa. Ndani yake ni utando wa plastiki uliopakwa chuma chembamba sana. Umeme unapopanda ghafla, kama unavyofanya mara nyingi ukirudi baada ya kukatika, cheche huutoboa utando huo. Kapasita haifi papo hapo: chuma kilichozunguka tundu huungua na kutoweka, na sehemu iliyobaki inaendelea na kazi. Mafundi husema inajiponya. Lakini kila ikijiponya inapungua kidogo. Mzee aliichomoa, akaipima, akanigeuzia mita nisome mwenyewe: 0.31. Ilikuwa imebaki chini ya nusu. Kwa kuwa umeme unaopita hulingana na ukubwa wa kapasita, saa yangu ilikuwa inapata chini ya nusu ya umeme wake. Ndiyo maana tarakimu zilififia. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa na njaa.

Kulikuwa na nyingine mbili, ndogo, za mviringo, zile zenye majimaji ndani. Kazi yao ni kutuliza umeme usipepese. Juu zilikuwa bapa, hazijavimba, nami nikasema basi hizi nzima. "Isiyovimba nayo hufa, mayu," akasema. Zilikuwa zimekauka. Pembeni ziliandikwa nyuzi 85.

Namba hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko bei ya kaunta. Watengenezaji wa kapasita hizi huziuza kwa saa za uhai katika kiwango fulani cha joto. Kapasita ya kawaida huahidiwa, kwa mfano, saa 2,000 kwa nyuzi 85. Kanuni ya mafundi na wahandisi ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi kumi, uhai unazidi mara mbili. Piga hesabu. Kwa nyuzi 75 ni saa 4,000, kwa 65 ni 8,000, kwa 55 ni 16,000. Mwaka mmoja una saa 8,760, na saa ya oveni haizimwi, inawaka mchana na usiku. Kama bodi iliyo nyuma ya oveni inayookwa kila siku ingekaa kwenye nyuzi 55 muda wote, kapasita hiyo isingefikisha miaka miwili. Sasa chukua dada yake aliyeandikwa nyuzi 105, mwenye ahadi ileile ya saa 2,000. Kwa nyuzi 55 anafika saa 64,000, zaidi ya miaka saba.

Nilipokwenda dukani na mzee kutafuta vifaa, tofauti ya bei kati ya hizo mbili haikufika shilingi mia tatu.

Sisemi kwamba mtu alikaa ofisini akapanga oveni yangu ife. Sihitaji kusema hivyo. Nasema kwamba mtu alichagua kifaa cha nyuzi 85 akakiweka mgongoni mwa tanuri. Alijua kwamba kipindi cha dhamana kitapita kabla ya matatizo, na kwamba matatizo yakija, atakayeulizwa ni kaunta, na kaunta itasema bodi imekufa. Kila mmoja amefanya sehemu yake ndogo bila kosa linaloonekana, na mwisho wa mnyororo huo amesimama mama wa Nyakato anapiga hesabu ya mkopo.

Ile ya manjano haikupatikana haraka. Duka la kwanza lilikuwa na 0.47. La pili lilikuwa na ya ukubwa sahihi lakini isiyo na alama ya X2, na muuzaji akasema itafanya kazi tu. Mzee akakataa. Kapasita inayokaa kwenye njia ya umeme wa ukutani lazima iwe ya daraja hilo, akasema, kwa sababu imetengenezwa ili ikifa isiwake moto. Ukiweka yoyote tu, umeweka kiberiti ndani ya jiko la mtu. Tulitembea hadi duka la nne. Kapasita zote tatu zilinigharimu shilingi 4,500. Ufundi wake, pamoja na nauli, shilingi 30,000.

Alipochomeka, tarakimu ziliwaka kwa ukali nilioshausahau. 00:00, 00:00, zinawaka na kuzima, zinangoja kupewa saa. Ijumaa nilioka ngazi zote tatu. Jumamosi sendoff ilikula keki.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa hadithi ya mzee mwema na kijana mbaya. Siitaki hadithi hiyo. Kijana wa kaunta hakuwa mbaya. Nadhani hakuwahi kufundishwa kufungua kitu. Alifundishwa kuuza, na neno "haitengenezeki" ni sehemu ya mauzo. Ninayemgombeza yuko juu yake, na mwingine niko mimi mwenyewe, niliyelipa 20,000 nikashukuru.

Najua majibu ninayoweza kupewa. Nitayapokea moja moja.

La kwanza: mafundi wa mtaani ni wezi. Wanang'oa kizima wanaweka kibovu, wanapiga chenga, wanakurudishia simu ikiwa imepona kwa siku mbili. Kweli, wapo. Mimi mwenyewe nimewahi kupeleka redio ikatoka ikiwa bubu kuliko ilivyoingia. Lakini angalieni tunachofanya na ukweli huo. Fundi mmoja akituibia shilingi elfu kumi tunalaani ufundi wote. Kaunta ikitutoza elfu ishirini kwa uchunguzi ambao haukufanyika, tunaita huduma. Dawa ya fundi mwizi ni ileile ya kaunta mwongo: nionyeshe. Nipe mkononi kilichotolewa. Pima mbele yangu. Fundi mwaminifu hatachukia sharti hilo, litamtofautisha na mwizi. Mzee wa Makoroboi hakungoja kuulizwa. Aliweka zile kapasita tatu mezani kwangu, na ile mita nikaisoma kwa macho yangu.

La pili: umeme unaua, mambo haya waachiwe wataalamu. Nakubali nusu ya kwanza kabisa. Simwambii mtu yeyote aamke kesho afungue oveni kwa bisibisi ya jikoni; nimeeleza jinsi bodi ile inavyoweza kuua. Lakini mtaalamu ni nani? Aliyekataa kapasita isiyo na alama ya X2 na kutembea maduka manne, au aliyetazama picha? Kama ni usalama tunaoujali kweli, basi tujali ujuzi popote ulipo, hata ukiwa kwenye meza ya mbao chini ya mwavuli. Tuna vyuo vya VETA, tuna SIDO tangu mwaka 1973, na hapa Mwanza vyote viwili vipo. Mzee kama yule apewe njia ya kupimwa na kupewa cheti kwa anachokijua, na vijana wakae mezani kwake wajifunze. Akiondoka leo, ataondoka na vyote alivyonieleza sakafuni kwangu.

La tatu ndilo huwa wanalisema watu waliosoma, na linauma kwa sababu lina sura ya hekima: muda ni mali, kitu kikiharibika nunua kingine, ndiyo maendeleo. Ni kukaa na vitu vilivyopitwa na wakati kunakoturudisha nyuma.

Anayesema hivyo na ateremke hadi mwaloni Kirumba alfajiri. Atakuta mitumbwi imepinduliwa mchangani na watu wanaziba nyufa za mbao. Atakuta injini za kupachika zimefunguliwa, na vijana wenye mikono ya grisi wanasafisha plagi. Atakuta taa za wavuvi wa dagaa, zilizochukua nafasi ya karabai, zinachomelewa nyaya zilizoliwa na maji. Mvuvi ambaye injini imemzimikia katikati ya Ziwa, upepo unapanda, hana pa kununua nyingine. Kwake "haitengenezeki" maana yake ni kifo chake, si cha injini, na ndiyo maana halisemi kirahisi. Watu wa Ziwa wameishi kwa kutengeneza, na hakuna anayewaita waliopitwa na wakati wanapotuletea sato mezani.

Au na atazame bandarini. MV Victoria ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kusafiri ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Imebeba mabibi na mababu zetu kwenda Bukoba na kurudi, pamoja na ndizi na kahawa. Ilipochoka, haikuachwa ioze gatini. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini. Taifa lilijua kwamba meli ya karibu miaka sitini inaweza kufunguliwa, kuangaliwa kilichokufa, kubadilishwa hicho tu, na ikaendelea. Hapakuwa na mtu wa kuitazama kwenye picha akasema chukueni mpya. Kama tunaweza kufikiri hivyo kwa meli, kipi kinatushinda kufikiri hivyo kwa oveni, jokofu, redio na pampu ya maji?

Wala hatungekuwa peke yetu. Kwenye nchi ambazo oveni yangu ilitoka, watu wamechoka na neno hilohilo. Tangu mwaka 2021, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa majokofu na mashine za kufulia wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka isiyopungua saba baada ya toleo kuacha kuuzwa, na mwaka 2024 ulipitisha sheria ya haki ya mnunuzi kutengenezewa. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini mashine iliyotumika inapopanda meli kuja kwetu, haki hizo hubaki gatini kule. Inatufikia ikiwa imebeba umri wake na magonjwa yake, bila mchoro wa saketi, bila orodha ya vipuri, bila anwani ya kuuliza. Kisha tunaambiwa tatizo ni letu, sisi wa mitumba.

Ikishindikana, inatupwa wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo haikufika robo. Sina namna ya kuona tani milioni 62. Ninachoweza kuona ni oveni yangu, kilo zake arobaini za chuma na kioo, ikiwa nyuma ya nyumba inashika kutu, mvua ikinyesha inatiririsha kutu hiyo kwenye mtaro, na mtaro wa Nyakato, kama mitaro yote ya jiji hili, unaelekea Ziwani. Yote hayo kwa sababu ya vifaa vya shilingi 4,500.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na siyaombi kwa unyenyekevu.

Kwanza, ada ya uchunguzi ilipwe kwa uchunguzi. Anayetoza aandike kwenye risiti alichofungua, alichopima na alichokuta. Wenye dhamana ya kuwalinda wanunuzi na waanzie hapo. Ni sentensi tatu tu kwenye karatasi.

Pili, kifaa kilichotolewa kirudi mkononi mwa mwenye mali. Sheria hii tunaweza kuianza wenyewe kesho asubuhi bila kungoja Bunge. Ukipeleka kitu kwa fundi yeyote, wa kaunta au wa mwavuli, mwambie kabla hajaanza: nitataka nilichotolewa.

Tatu, anayeingiza vyombo vya umeme kwa wingi kuviuza nchini, vipya au vilivyotumika, aje na michoro na namba za vipuri, na viwekwe mahali ambapo fundi wa Igoma au wa Buhongwa anaweza kuvisoma. Mzee wangu alilazimika kuisoma bodi ile kwa macho kama mtu anayesoma alama za nyayo. Aliweza kwa sababu ana miaka mingi kwenye kazi hiyo. Kijana wake hataweza, na atakaposhindwa atasema haitengenezeki, na safari hiyo itakuwa karibu kweli.

Si kila kitu kitapona. Mzee aliniambia mwenyewe kwamba kama ingekuwa ile chipu kubwa ya katikati imeungua, angeniambia nitafute bodi. Nakubali. Vitu hufa. Nikionyeshwa kilichokufa nitalipa, nitazika, nitanunua kingine, na sitaandika makala.

Zile kapasita tatu nimeziweka kwenye kopo tupu la hamira, juu ya rafu, karibu na ile risiti ya 20,000. Wateja wakija kuchukua keki huuliza kopo lile lina nini linalia hivyo, nami nalimimina kiganjani na kuwasimulia. Wiki iliyopita mmoja aliondoka akasahau keki, akarudi kutoka njiani. Alikuwa ameambiwa asubuhi hiyo kwamba jokofu lake la duka limekufa.

Nilimuuliza, "Wamelifungua?"

Akanyamaza.

Nawe siku ukiambiwa neno lile, uliza hivyo. Kisha nyamaza, usubiri jibu.